Wanafunzi wa sayansi wanapukutika mwaka wa kwanza: kabla hamjapandisha alama za kuingilia hebu tuongee

Swali lenyewe nalifupisha: "Shikamoo Prof. Mimi ni lekchara mchanga, nimekabidhiwa kuratibu mwaka wa kwanza wa digrii za kompyuta na uhandisi. Waliingia 120, sasa wako mwaka wa tatu na wamebaki 71. Mkuu wa idara anataka tupandishe alama za kuingilia, wenzangu wanasema watoto wa siku hizi wavivu, na bajeti hamna. Nianzie wapi? Na je, si kawaida tu kwamba sayansi ni ngumu, wasioweza waondoke?"

Marahaba mwalimu. Hilo la mwisho, la wasioweza waondoke, limenigusa pabaya maana nimeliishi miaka mingi tu. Nilikuwa nafundisha kozi ya kwanza ya fizikia na siku ya kwanza nasimama mbele nawaambia mtazame wa kushoto kwako, mtazame wa kulia, mmoja wenu mwakani hatakuwepo. Darasa linanyamaza kimya, mi najiona jembe kweli kweli. Semista ikiisha karibu nusu wamekula sapu, yaani mitihani ya marudio, na najisifu kwamba kozi yangu haina mchezo. Imenichukua muda kuja kuona nilikuwa najisifia nini, maana fundi cherehani akiharibu nusu ya vitambaa alivyoletewa hakuna anayesema huyu fundi ana viwango.

Haya, tuje kwa hao 49 wako. Kabla ya kikao chochote nenda kwa msajili wa chuo kaombe rekodi zao uandike tebo moja, kila mtu mstari wake: mara ya mwisho alionekana semista gani, GPA yake, yaani wastani wa alama zake, wakati huo ilikuwa ngapi, alifeli kozi zipi, alikuwa anadaiwa ada au hadaiwi, na aliishia wapi, yaani kadisko (kaondolewa chuo kwa kufeli), kahamia digrii nyingine humohumo chuoni, kaahirisha, au kapotea tu bila kuaga. Inaonekana kazi ya karani lakini ndo kazi yenyewe hasa, kwasababu watu mnaowaita kwa jina moja la "walioacha" ni makundi matatu au manne tofauti kabisa na dawa ya huyu haimtibu yule. Aliyefeli hesabu mara mbili na aliyehamia uchumi akiwa na GPA safi na aliyezuiwa kusajili kwa deni dogo, ukiwawekea semina moja ya mbinu za kujisomea utakuwa umewapotezea muda wote watatu.

Na kuna kitu ntakuambia mapema ili usije ukashtuka ukiiona tebo. Utakuta wengine walioondoka walikuwa wanafaulu vizuri tu. Hili si la kwako peke yako, Elaine Seymour na Nancy Hewitt waliwahoji wanafunzi zaidi ya 300 kwenye vyuo saba vya Marekani, matokeo yakatoka mwaka 1997, na walichokikuta ni kwamba waliohama sayansi na waliobaki hawakutofautiana sana kwa uwezo, na hata malalamiko yao yalifanana, mengi yakihusu ufundishaji mbovu. Waliobaki waliona matatizo yaleyale, ila walipata namna ya kuyavumilia au mtu wa kuwashika mkono kwa wakati. Kwahiyo ule mstari tunaouchora kichwani, vipanga huku vilaza kule, vipanga wanabaki vilaza wanaondoka, haupo hivyo. Na hata huko kwenye hela nyingi tatizo ni kubwa, mwaka 2012 baraza la washauri wa rais wa Marekani kwenye mambo ya sayansi liliandika kwamba wanaoingia chuo wakitaka digrii za sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, wanaomaliza nazo hawafiki asilimia 40. Ukilinganisha na hapo 71 kati ya 120 si aibu ya kujificha, ila hao wengine 49 ni watoto wa watu.

Sasa la mkuu wako wa idara na alama za kuingilia. Sitaki kusema hana hoja, maandalizi yana uzito, hasa ya hesabu, mtu akija bila aljebra ya kueleweka atateseka kwenye kalkulasi hilo halina ubishi. Ila angalia hesabu ya hilo wazo. Ukipandisha alama unapata wanafunzi wachache zaidi au unagombania walewale ambao vyuo vyenye jina vinawagombania, halafu unawaingiza kwenye kozi ileile, mwalimu yuleyule, desa (notsi) lilelile la miaka kumi, na kama kuna walimu wenu wanaotoa madaraja kwa kuwalinganisha wanafunzi wao kwa wao basi hata ungeleta vipanga watupu wa mwisho watakuwepo, lazima wawepo, ndivyo huo mfumo ulivyotengenezwa. Tebo yako ndo itamjibu bosi vizuri kuliko mimi. Weka safu moja ya alama za kuingilia uangalie kama kweli waliopotea ndo waliokuwa chini. Mara nyingi utaona zimechanganyika vibaya.

Hapo nikupe kisa ninachokipenda kuliko vyote kwenye hii fani, nikisimulia vibaya nisamehe maana huwa nanogewa. Miaka ya 1970 pale chuo kikuu cha Berkeley, California, alikuwepo kijana anaitwa Uri Treisman anasoma na kusaidia kufundisha kalkulasi. Akaona wanafunzi weusi wanafeli sana kalkulasi na wanafunzi wenye asili ya China wanafaulu. Akawauliza walimu wenzake kwanini, majibu yakaja yale yale unayoyasikia kwenye chumba chenu cha chai: hawana hamasa, hawajaandaliwa, familia hazisukumi elimu, umaskini. Yeye badala ya kubishana akawafuata, ishirini wa kundi hili na ishirini wa lile, kama mwaka mmoja na nusu hivi, mpaka kwenye vyumba vyao, anaangalia wanasomaje. Zile nadharia zote zikaanguka moja baada ya nyingine. Hamasa walikuwa nayo tele, familia zilikuwa nyuma yao, na baadhi ya waliofeli mapema walikuwa na alama nzuri sana za kuingilia. Tofauti aliyoikuta ni ndogo mpaka inaudhi. Wanafunzi weusi walisoma kwa bidii, saa nane kwa wiki kama walivyoshauriwa, kila mtu peke yake chumbani. Wale wa asili ya China walisoma peke yao saa nane mpaka kumi halafu wanakutana, wanapika, wanakula, wanapitia maswali pamoja, wanasahihishana, swali likimshinda mmoja wanalishambulia wote, likiwashinda wote wanajua kumbe ni gumu kweli sio kwamba mimi ndo kilaza.

Rudia hiyo sentensi ya mwisho mwalimu, maana ndo kiini cha jibu langu lote. Anayesoma peke yake akishindwa swali anajilaumu yeye. Anayesoma na wenzake akishindwa analilaumu swali, na wa aina hiyo kesho anarudi.

Treisman akaanzisha madarasa ya kazi za pamoja, na alichofanya kwa akili sana ni kwamba hakuyaita ya wanafunzi dhaifu. Aliyaita ya wanaotaka kwenda mbali, akawapa maswali magumu kuliko ya darasani, saa mbili mbili wanakaa kwenye vikundi wanapigana nayo. Matokeo ya kalkulasi yakabadilika kabisa, na hilo wazo likasambaa vyuo vingi. Pale UMBC, chuo kikuu kule Maryland, programu ya Meyerhoff iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 kusukuma vijana weusi kwenye sayansi iliweka kusoma kwa vikundi kama moja ya nguzo zake, na mpaka leo wahitimu wake wengi wameenda kuchukua PhD.

Unaona mtego ambao wengi tunaangukia? Tunafungua "masomo ya ziada kwa waliofeli". Nani anataka kuonekana anaingia kwenye chumba cha waliofeli? Wanaokuja ni wale ambao wangefaulu hata hivyo, wenye shida wanapita mlango ule wameinamisha kichwa kwenye simu. Chuo kikuu cha Missouri kule Kansas City waliliona hili tangu 1973, wakasema sisi hatutafuti mwanafunzi dhaifu, tunatafuta kozi ngumu. Kozi ikiwa na historia ya kufelisha basi kila anayeisoma anaalikwa, kipanga na asiye kipanga, na kinachoendeshwa si lekcha nyingine, anachukuliwa mwanafunzi wa mwaka wa juu aliyeifaulu vizuri hiyo kozi, anakaa tena kwenye lekcha pamoja nao halafu anasimamia vipindi vya kujadili. Hii kwako inawezekana hata bila bajeti kubwa. Kuna mwaka wa tatu hapo ambao ungewapa barua ya utambulisho na posho kidogo wangefanya kwa roho safi. Ila wafundishe kwanza namna ya kuuliza badala ya kujibu, la sivyo utapata walekchara wadogo wenye kiburi kuliko wewe.

Kwahiyo nianzie wapi, ndo swali lako. Mi nakuambia anzia kwenye kozi mbili. Usiguse digrii nzima. Karibu kila mahali nilipoangalia zinazomeza watu ni mbili au tatu tu, na kwa kompyuta na uhandisi dau langu ni hesabu ya kwanza na kuandika programu ya kwanza. Hakikisha na tebo yako lakini usishangae.

Kwenye hesabu kuna ugonjwa wa mpangilio. Mwanafunzi wa uhandisi anakaa mwaka mzima anasoma kalkulasi inayofundishwa na idara ya hesabu, hajaona daraja wala saketi, na asipofaulu hiyo kalkulasi kozi zake za uhandisi zote zimefungwa, yaani amekuja kujenga anashindia mlangoni. Chuo cha Wright State kule Ohio mwaka 2004 walijaribu kuvunja huo mnyororo, wakatunga kozi ya mwaka wa kwanza ya hesabu za kihandisi inayofundishwa na wahandisi wenyewe, na maabara ndani yake, ina zile mada tu ambazo kozi za uhandisi zinazofuata zinazihitaji kweli. Ukiifaulu unaendelea na uhandisi, kalkulasi kamili unaimalizia baadaye ukiwa tayari unajua inatumika wapi. Hawakuifuta kalkulasi, waliihamisha tu. Vyuo vingine kadhaa vimeiga. Wewe najua huwezi kubadilisha mtaala kesho, seneti ya chuo ina mambo yake, lakini kuna kipande unaweza: kaa na mwalimu wa hesabu saa moja, kwa kahawa, muulize mifano anayotumia, umpe kumi za kwenu. Na orodhesha sharti la kuingilia kila kozi, ni nani aliliweka na kwanini. Mengine utakuta hakuna anayekumbuka.

Kwenye programu ugonjwa ni mwingine. Chumba kimoja kina watoto walioanza kuandika kodi wakiwa na miaka kumi na mbili na wengine ndo wanashika kompyuta ya kwao mara ya kwanza, halafu wiki ya pili yule wa kwanza ananyoosha mkono anauliza kitu cha mwaka wa tatu, na nyie walimu mnafurahi kweli, mnajibizana naye dakika kumi. Wengine 80 wanajifunza kitu kimoja tu siku hiyo, kwamba hapa si pangu. Harvey Mudd, chuo kidogo cha sayansi California, waligawa ile kozi ya kwanza kutokana na uzoefu wa mtu, ambaye hajawahi kabisa huku, aliyewahi kule, wakabadilisha maudhui iwe kutatua matatizo kwa lugha rahisi ya Python badala ya sintaksi tupu, yaani kanuni za kuandika kodi, na wale wapenda kujionyesha mwalimu anawavuta pembeni anawaambia kwa upole maswali yako nayapenda sana njoo tuyaongee ofisini. Pamoja na mambo mengine waliyoyafanya kuanzia 2006, wasichana kwenye digrii ya kompyuta walitoka karibu asilimia 10 wakafika karibu 40 ndani ya miaka michache. Hakuna aliyeshusha kiwango hapo, walipanga tu watu upya.

Na kwa wasichana niongeze jambo moja la bure kabisa. Ukigawa vikundi vya maabara usiwasambaze mmoja mmoja ukidhani unatenda haki. Msichana mmoja na wavulana wanne anaishia kuandika ripoti, hagusi mashine. Weka wawili wawili angalau, vikundi vingine vibaki vya wavulana watupu, si dhambi.

Sasa ufundishaji. Nitakuwa mkali kidogo. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha lekcha ya kawaida, ile mwalimu anaongea wao wanaandika, na darasa ambalo wanafunzi wanafanya kitu, wanajibu, wanajadiliana, wanatatua. Kwenye lekcha tupu wastani wa kufeli ulikuwa asilimia 33.8, kwenye darasa la kushiriki 21.8. Weka kwa watu wako 120: ni kama 41 wanafeli upande huu na 26 upande ule. Watu 15, na hujabadilisha alama za kuingilia, hujapunguza mtihani, tena alama za mitihani zilipanda. Najua wastani wa tafiti si ahadi kwa darasa lako, inategemea nani anafanya na anafanyaje, lakini mtu akikuletea dawa yenye matokeo ya hivyo hospitali ungeitumia.

Namna ya kuanza bila kuvunja meza: kila dakika 15 au 20 simama, weka swali moja la kufikirisha lenye majibu manne, kila mtu achague kimya kimya, anyooshe vidole moja hadi nne kifuani wengine wasimuone, halafu geukeni mbishane na jirani, halafu wachague tena. Eric Mazur wa Harvard alianza hivi mwaka 1991 baada ya kugundua wanafunzi wake wanakokotoa mafizikia makubwa lakini swali la kawaida la dhana linawatoa jasho. Swali liwe la kati, sio kila mtu apate wala kila mtu akose, wakigawanyika nusu kwa nusu ndo patamu. Hiyo tu. Usiende siku ya kwanza ukasema haya jigaweni vikundi jadilini sura ya tatu, hiyo ni fujo na watapiga stori.

Ila nikuonye, watalalamika. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake pale pale Harvard walionyesha kitu cha ajabu: wanafunzi wa darasa la kushiriki walijifunza zaidi lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliokaa kwenye lekcha tamu. Lekcha nzuri inateleza, unatoka unajisikia umeelewa, usiku ukikaa na swali ndo unajua hukuelewa kitu. Kwahiyo waambie mapema, wiki ya kwanza, kwamba mtahisi mnahangaika na hiyo hali ni sehemu ya kujifunza, waonyeshe na huo utafiti. Na mkuu wako mwambie pia, kabla fomu za tathmini hazijamfikia.

Jaribio la kwanza mnalitoa wiki ya ngapi? Nauliza hivi nikijua jibu, wiki ya saba au ya nane, matokeo yanarudi wiki ya kumi. Hapo mtoto ameshakaa miezi miwili na nusu gizani na kinachomfikia kama taarifa ya kwanza ni 35 kwa mia. Huko alikotoka alikuwa wa kwanza darasani maisha yake yote, hajawahi kuiona 35 na hajui ifanywe nini. Toa testi ndogo wiki ya tatu, yenye uzito mdogo kwenye koswaki (alama za kazi za semista kabla ya mtihani wa mwisho), asilimia tano zinatosha, na majibu yarudi ndani ya siku nne, hata kama utasahihisha maswali mawili tu kati ya matano. Wiki ya tatu bado kuna muda wa kufanya kitu.

Na aliyepata chini ya 40 usimwandikie "jitahidi". Jitahidi vipi sasa? Mwite, dakika kumi, mwambie vitu vitatu: hii kozi inawaangusha wengi mwanzoni na wengi wao wanamaliza digrii, hapa na hapa ndo ulipokosea, wiki hii fanya swali la 4 na la 7 uniletee alhamisi. Kwenye hicho cha kwanza kuna sayansi, Gregory Walton na Geoffrey Cohen mwaka 2011 walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza walitumia kama saa moja tu kusoma na kuandika kuhusu namna waliowatangulia nao walijihisi wageni mwanzoni na baadaye hali ikabadilika, na kwa wanafunzi weusi matokeo yao ya miaka mitatu iliyofuata yalipanda. Saa moja. Sisemi ukifanya kwako itatokea vilevile, hizi mbinu zinategemea sana mazingira, ila ninachojua ni kwamba sentensi ya mwalimu baada ya testi ya kwanza inakaa kichwani mwa mtoto miaka mingi. Ile yangu ya angalia kushoto angalia kulia nayo ilikaa, nimeshakutana na watu wazima wakanikumbusha.

Pesa sasa. Utasema hili si langu, la uhasibu. Sio kweli. Georgia State, chuo kikubwa Atlanta, walikuwa wanawaondoa kila semista wanafunzi wengi kwa kutomaliza ada, walipoangalia wakakuta wengi wanadaiwa mia kadhaa tu za dola na baadhi wako hatua ya mwisho kabisa ya digrii. Kuanzia 2011 wakaanza kuwalipia hilo deni dogo, bila hata mwanafunzi kuomba, kwa sharti la kwenda kupata ushauri. Mwanafunzi akibaki chuo kinaendelea kupata ada yake inayofuata, kwahiyo kwa sehemu kubwa hiyo hela inarudi. Hichohicho chuo ndo kilichopitia rekodi za miaka kumi wakatengeneza mfumo unaofuatilia dalili zaidi ya 800 za hatari kwa kila mwanafunzi, mshauri anapigiwa kengele. Watu wakisikia hapo wanakimbilia kununua programu ya mamilioni. Wewe dalili nne zinakutosha: hajafika maabara mara mbili mfululizo, hakuleta asaimenti ya kwanza, testi ya wiki ya tatu chini ya 40, usajili wake haujakamilika. Karatasi moja na kalamu nyekundu. Kengele bila mtu wa kupiga simu ni kelele tu, na Georgia State waliajiri washauri wengi wapya pamoja na ule mfumo, hiyo sehemu wauza programu huwa hawaisemi.

Kuna vitu ningekuomba usitumie nguvu zako. Semina ya hamasa yenye mgeni rasmi. Mpango wa kila mwanafunzi kuwa na mlezi mwalimu, ambao kwenye karatasi unapendeza na ukimuuliza mwanafunzi mlezi wako nani anacheka. Na lile la kupima mtu ni wa kujifunza kwa kuona au kwa kusikia, lilishachunguzwa sana halijapata ushahidi wa kulibeba.

Kitu kingine kinachofanya kazi ila kinahitaji nguvu ni kuwaingiza kwenye utafiti wa kweli mapema. Chuo kikuu cha Texas pale Austin tangu 2005 wanawaweka wa mwaka wa kwanza kwenye miradi halisi ya maabara, na uchambuzi uliotoka 2016, uliojitahidi kulinganisha wanafunzi wanaofanana, ulikuta waliokamilisha semista zote tatu za huo mpango wanamaliza chuo ndani ya miaka sita kwa asilimia 83 dhidi ya 66 kwa wasioshiriki. Kwako labda mwaka wa pili wa mpango wako, sio sasa, ukijaza vitu vingi mwaka huu hutajua kipi kimesaidia.

Hilo la kupima nisiliache maana wengi wanajidanganya hapo. Kwa watu 120, idadi ya wanaobaki inaweza kupanda au kushuka watano sita kwa bahati tu, hata kama hamjagusa kitu. Kwahiyo mwakani wakibaki 76 usichinje mbuzi, na wakibaki 68 usilie. Angalia miaka mitatu nyuma na mitatu mbele, na angalia kitu cha karibu zaidi, yaani wangapi wamefaulu zile kozi mbili kwa mara ya kwanza. Na ili asitokee wa kusema mmeshusha mtihani, chukua maswali kumi ya mwaka juzi yaweke tena kimya kimya, asahihishe mwalimu mwingine asiyejua nani ni nani.

Umeuliza kama si kawaida tu wasioweza waondoke. Wengine waondoke, ndiyo, na tuwasindikize kwa heshima. Mtoto aliyesukumwa uhandisi na wazazi, akagundua anapenda sheria, akahamia mapema bila kupoteza miaka, huyo usimhesabu kama hasara, mwandike kwenye tebo na rangi yake. Ninaowapigania ni wale wanaotaka kubaki na wanaweza, tukawapoteza kwa testi ya wiki ya nane na deni la hela ndogo.

Basi anza na msajili jumatatu, peleka barua ya idara kabisa maana hawatoi rekodi kwa mdomo. Ukishaipata hiyo tebo futa majina uweke namba tu, nirushie, tuangalie wote hizo kozi mbili ni zipi kwako. Na mwalimu wa hesabu mnunulie kahawa kabla ya hapo, usisubiri tebo.